Kitabu cha nyanya wa Sosiot: Jiprintie nyumbani, nakala 20 zatosha

Laptopu unayo. Labda ni ile uliyonunuliwa ukiingia chuo, na siku hizi kazi yake kubwa ni muvi na kutuma CV. Na huko ushago, tuseme ni Sosiot, pale Belgut katika Kaunti ya Kericho, kuna nyanya ambaye kila Desemba anakusimulia mambo ambayo hujawahi kuyaona kwenye kitabu chochote.

Hujayaona kwa sababu hayajaandikwa.

Ingia katika nyumba nyingi za eneo hilo uulize kitabu cha Kikalenjin. Utaletewa Biblia, Bukuit ne Tilil, na kitabu cha nyimbo za kanisa. Baada ya hapo ni kimya. Kitabu kimoja ambacho wasomi hukitaja sana kuhusu mila za Wakipsigis kiliandikwa na mwanaanthropolojia J. G. Peristiany, kikachapishwa London mwaka 1939, kwa Kiingereza. Taaitta Toweett, mwanasiasa na msomi wa lugha ambaye mwenyewe alikuwa Mkipsigis, alijitahidi kuziba pengo hilo kwa kuandika historia simulizi ya watu wake. Lakini mtu mmoja atabeba mangapi?

Usiwalaumu sana wachapishaji wa Nairobi. Biashara ya vitabu Kenya inasimama juu ya vitabu vya shule. Mswada wa hadithi za kogo wako, kwa lugha inayosemwa nyumbani, hauna wanunuzi maelfu. Wasomaji wake ni wewe, binamu zako, mashangazi watatu, mwalimu mmoja wa shule ya msingi na pasta. Watu 20. Tukizidisha sana, 30.

Kwa kampuni, watu 20 ni hasara. Kwako wewe mwenye laptopu, ni kazi ya wikendi mbili na rimu moja ya karatasi.

Kwa nini haraka? Chukua jambo moja tu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Talai, ukoo wa orkoiik waliokuwa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kutoka Kericho hadi Gwassi karibu na Ziwa Victoria, nchi ya mbung'o na malaria. Ardhi kubwa ya Wakipsigis nayo ilichukuliwa ikawa ya walowezi na kampuni za chai. Mwaka 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Sasa fikiria: mtoto aliyekuwa na miaka 5 wakati wa sheria ile alizaliwa 1929. Piga hesabu ya umri wake leo, kisha ujiulize wamebaki wangapi wa kusimulia walichokiona kwa macho yao.

Si kila nyanya ana habari nzito hivyo. Mwingine ana tangoch, vile vitendawili vya jioni. Mwingine anajua mkaa wa senetwet unavyopakwa ndani ya kibuyu cha mursik, na kwa nini mti mwingine hautoi ladha ile. Mwingine alichuma chai miaka 30 na anakumbuka jina la kila nyapara. Yote hayo ni kitabu.

Na usifikirie kwamba kutengeneza kitabu kwa mkono ni mambo ya YouTube na ya Wazungu. Mji wa Siyu, kisiwani Pate, ulijulikana kwa wanakili wa misahafu na mafundi wa kujalidi vitabu kwa ngozi, karne ya 18 na 19. Kazi hiyo waliifanya kwa kalamu, wino, sindano na subira. Hapa Nairobi nako, David Maillu alianzisha kampuni yake mwenyewe, Comb Books, mwanzoni mwa miaka ya 70, akachapisha riwaya zake bila kungoja mhariri amkubalie. Watu walizinunua kwa fujo, na Tanzania ikazipiga marufuku. Kusema kweli, vitabu vile si vya kumsomea kogo, lakini njia aliyopita ni hii hii.

Twende kazi. Ukifika nyumbani, anza kwa ruhusa, kabla ya simu. Mwambie nyanya unataka kuyaandika maneno yake, na yatasomwa na nani. Kuna atakayosema yaandikwe, na kuna atakayosema hayo ni ya watu wazima, yaache. Heshima hapo si mapambo. Kenya ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii, kwa hivyo hadithi ya ukoo si mali yako kwa sababu tu wewe ndiye uliyekuwa na simu.

Rekodi kwa simu, saa moja kwa siku, si zaidi. Wazee huchoka, na hadithi ya saa ya pili huwa imepungua chumvi. Andika neno kwa neno kwanza. Kusafisha ni baadaye, na usisafishe sana: akirudia sentensi mara mbili huenda ndivyo hadithi inavyotembea.

Programu ya kuandikia ni LibreOffice. Ni ya bure kabisa, hailipishwi mwaka wala mwezi, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwa OpenOffice, ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri kwa Kiswahili mwaka 2004 chini ya jina Jambo OpenOffice. Ukiipakua mara moja kwenye Wi-Fi ya chuo, inafanya kazi Sosiot bila bando.

Ukianza kuandika Kikalenjin, ukurasa utajaa mistari myekundu, maana kompyuta haijui lugha hiyo. Usiiruhusu ikusahihishie. Zima ukaguzi wa tahajia kabla "ng'" ya kogo haijageuzwa kitu kingine. Kwa herufi, tafuta Gentium au Charis, fonti za bure za shirika la SIL zilizotengenezwa zikizifikiria lugha nyingi za dunia. Ukubwa wa 11 unatosha, ila kama wasomaji wako ni wazee weka 13 na usione haya.

Badilisha ukubwa wa ukurasa kutoka A4 hadi A5, yaani nusu yake. Pambizo la ndani liwe sentimita 2 au zaidi kidogo, kwa sababu sehemu hiyo itamezwa na mshono. Vitabu vingi vya kujitengenezea huharibikia hapa. Mtu anaacha sentimita moja, halafu msomaji analazimika kukipasua kitabu katikati ili aone neno la mwisho.

Sasa inakuja hesabu ambayo huwachanganya watu, na ni tamu ukishaielewa. Chukua karatasi nne za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati. Umepata kijitabu cha kurasa 16. Andika namba kwa penseli, 1 hadi 16, kisha kifungue. Utaona ukurasa wa 1 umelala kando ya 16, wa 2 kando ya 15, wa 8 kando ya 9. Kila jozi ukiijumlisha unapata 17. Ndiyo maana huwezi kuprinti kurasa kwa mfuatano wa kawaida kisha utarajie kitabu.

Habari njema ni kwamba hesabu hiyo hufanyi wewe. Kwenye LibreOffice, fungua dirisha la kuprinti, tafuta mpangilio wa ukurasa, chagua Brochure. Programu inapanga jozi zote yenyewe. Wewe iambie tu kurasa za 1 hadi 16, halafu 17 hadi 32, na kuendelea. Kila fungu la karatasi nne zilizokunjwa tuliite kunjo. Kitabu cha kurasa 96 kina makunjo sita, karatasi 24. Rimu ina karatasi 500, kwa hivyo inatoa nakala 20, na zinabaki karatasi 20 za kuharibu. Utaziharibu, usijali.

Kama printa huna, saiba zipo. Badala ya kutuma kwenye printa, hifadhi kila kunjo kama faili ya PDF ikiwa tayari imepangwa, uende nayo kwenye flashi. Mwambie mhudumu maneno mawili: pande zote mbili, na igeuzwe kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, nyuma ya kila karatasi itatoka kichwa chini miguu juu. Printi kunjo moja, likunje, lisome, ndipo uagize mengine.

Pesa je? Saiba ikikutoza shilingi 10 kwa kila upande, pande 48 ni shilingi 480 kwa nakala moja. Ukielewana naye kwa shilingi 3 kwa sababu una kazi ya nakala 20, ni 144. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa hivyo bonga naye vizuri, nenda asubuhi ambapo hakuna foleni ya wanafunzi.

Kuhusu mashine, ninapendekeza leza. Tona yake haitiririki ikiguswa na maji. Wino wa printa nyingi za bei nafuu huyeyuka, na wewe unajua mvua ya Kericho ya mchana haibishi hodi. Unyevu huo huo huingia kwenye karatasi, zikajikunja na kukwama ndani ya mashine. Rimu ikishafunguliwa, iweke ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na ukuta wa jikoni. Na printi mapema, kabla stima haijapotea.

Jambo moja ambalo hata watu wa saiba wengi hawalijui: karatasi ina uzi, kama mbao. Karatasi nyingi za A4 uzi wake umelala kwa urefu, kwa hivyo ukiikunja katikati unaikunja kinyume. Kurasa zinakuwa ngumu kufunguka na mgongo unajikunyata. Kwa nakala za familia inavumilika. Ukitaka kitabu kinacholala wazi mezani kama mkeka, nunua A3, uikate katikati, upate A4 ambayo uzi wake umelala upande unaoutaka.

Kisha kujalidi. Utaambiwa uweke spairo. Kataa. Spairo ni ya ripoti ya mradi wa chuo. Ikikaa rafuni mwaka mmoja pete zinashikana, kurasa zinachomoka, na hakuna mgongo wa kuandika jina. Kijitabu cha kurasa chache, tuseme 32, unaweza kukishona kwa matundu matatu katikati na kuishia hapo. Cha kurasa 96 kinataka mshono wa kweli.

Vifaa viko sokoni. Msharasi, ile chuma ya kutobolea, utamwazima fundi wa viatu, na uzi wa kushonea viatu ulio mwembamba utamnunulia yeye yeye. Sindano iwe ya wastani. Ya gunia inatoboa shimo la panya. Uzi upitishe kwenye nta ya nyuki mara mbili tatu ili usiteleze wala kujifunga mafundo. Watu wa Belgut hawatakosa jirani mwenye mizinga, na nta ikikosekana mshumaa unafaa. Gundi ni ile nyeupe ya maseremala.

Kunja kila kunjo, upitishe mgongo wa kijiko kwenye mkunjo hadi ukae. Karatasi ya A5 ina urefu wa sentimita 21. Kwenye mkunjo, pima kutoka juu: sentimita 2, 8, 13 na 19. Toboa hapo, makunjo yote sehemu zile zile. Tengeneza kipimo kimoja cha katoni ukitumie kwa yote, usipime upya kila mara, maana matundu yakipishana kitabu kitasimama kama mlevi.

Weka kunjo la kwanza ukingoni mwa meza. Ingiza sindano kwa nje tundu la kwanza, ukiacha mkia wa uzi wa kama kidole. Toka la pili, ingia la tatu, toka la nne. Weka kunjo la pili juu yake, uingie tundu lake la nne, utoke la tatu. Hapa usikimbilie kuingia la pili. Kwanza pitisha sindano chini ya ule uzi wa nje wa kunjo la kwanza, ndipo uingie. Huko kunasa ndiko kunakoyashikanisha makunjo. Toka tundu la kwanza, funga fundo na ule mkia. Endelea na la tatu vivyo hivyo, na kila ukifika mwisho wa mstari, pitisha sindano katikati ya makunjo mawili ya chini, nyuma ya uzi unaoyaunganisha, uvute kitanzi kikaze.

Vuta uzi sambamba na mgongo, usiuvute kwenda juu. Ukivuta juu unachana karatasi, na kuchana kunjo la tano saa tano usiku ni noma.

Ikiisha, gonga mgongo mezani ukae sawa, banza kitabu kati ya vipande viwili vya mbao, mgongo ukiwa umechomoza kidogo. Seremala mwenye jiliwa atakusaidia, la sivyo weka mawe mawili juu. Paka gundi nyembamba mgongoni kwa kidole, bandika kipande cha bandeji ya duka la dawa, ile nyeupe yenye matundu, kisha paka tena. Bandeji inafanya kazi ile ile ya kitambaa ambacho mafundi wa vitabu hukibandika mgongoni. Acha usiku kucha, na usichungulie.

Jalada unaweza kulichora kwenye Scribus au Inkscape, zote za bure. Scribus inafaa zaidi ukihitaji mbele, mgongo na nyuma kwenye karatasi moja. Upana wa mgongo haukisiwi: karatasi ya kawaida ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1, kwa hivyo majani 48 ya kitabu chako yanatoa milimita 5 hivi. Printi jalada kwenye karatasi ya manila. Au, kama mimi ningekuwa na nyanya Sosiot, ningechukua katoni ngumu nikaivisha kipande cha leso yake kuukuu, jina nikalibandika juu. Hilo hakuna kampuni itakayokufanyia.

Ndani, ukurasa wa pili, andika jina la msimulizi kwanza. Lako liandike chini yake, kama mwandishi aliyenakili. Weka tarehe na mahali mazungumzo yalipofanyika. Miaka 40 ijayo mtu akitaka kujua kama maneno haya yalitoka kwa aliyeyaona au aliyeyasikia, ukurasa huo ndio atakaoutafuta kwanza.

Ukitaka kuuza, mambo yanabadilika kidogo. Namba ya ISBN Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na Sheria ya Vitabu na Magazeti inamtaka mchapishaji awasilishe nakala kwa Msajili. Hakimiliki ya kazi iliyoandikwa hudumu maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Sheria hiyo ina makali pande mbili: inakulinda wewe, na inakukataza kutumia ujuzi huu mpya kuprinti vitabu vya fasihi vya kidato cha nne na kuviuza stejini. Wapo wanaofanya hivyo. Wasikuite.

Nakala ya kwanza usiigawe kama zawadi. Mpelekee nyanya pamoja na penseli, na kama macho yamechoka, msomee wewe. Atakukatiza. Atasema huyo hakuwa shangazi, alikuwa mke mwenza. Kwamba ng'ombe hawakuwa saba. Kwamba mto ulioutaja uko upande ule mwingine wa Sosiot. Andika kila kitu pambizoni. Faili iko kwenye laptopu, karatasi 20 zilizobaki ziko kwenye mfuko wa plastiki, na kubadilisha kunjo moja kabla ya kushona nyingine 19 ni kazi ya nusu saa.